Uchujaji wa mafuta ya haidroliki: gharama ndogo inayolinda mtaji mkubwa

SOMO LA WIKI

Mfanyabiashara wa Ziba, wilayani Igunga, anayetaka kununua trekta lililotumika, kuingia ubia katika kiwanda cha kuchambua pamba au kufungua duka la vipuri kando ya barabara kuu, huuliza kwanza bei ya mashine, kisha bei ya dizeli, na mwisho mshahara wa fundi. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: mafuta ya haidroliki ya mashine hiyo yana usafi wa kiwango gani, na yakichafuka nani atakayelipa?

Jibu la nusu ya pili ni rahisi. Atakayelipa ni mwenye mtaji. Jibu la nusu ya kwanza ndilo somo letu la wiki hii. Tutaanza na vali za sevo, ambazo hazivumilii uchafu hata kidogo, kisha tutarudi katika mashine zinazofahamika zaidi mkoani Tabora, kwa sababu kanuni ni ileile na tofauti ni ya kiwango tu.

MASHINE ZENYEWE ZIKO WAPI

Haidroliki ni ufundi wa kusukuma mafuta kwa pampu ili presha yake ifanye kazi nzito: kuinua, kukandamiza, kusukuma au kuzungusha. Wilaya ya Igunga inalima pamba kwa wingi, na katika kiwanda cha kuchambua pamba, mashine ya kufunga marobota hutegemea silinda ya haidroliki kuishindilia pamba nyuzi. Trekta huinua jembe lake kwa haidroliki. Tipa humwaga kokoto kwa haidroliki. Katapila na ekskaveta hazichimbi hata ndoo moja bila hiyo.

Mashine za aina hii zimeongezeka katika ukanda huu kwa awamu. Mgodi wa dhahabu wa Golden Pride wilayani Nzega, uliokuwa ukiendeshwa na Resolute, ulianza uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufungwa mwaka 2014. Baadaye ulikuja mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443 na linalopita katika wilaya za Nzega na Igunga. Kiwanda cha kuyapaka mabomba hayo tabaka la kuhifadhi joto kilizinduliwa mwezi Machi 2024 katika kijiji cha Sojo, Nzega. Pamoja na miradi mikubwa huja mahitaji ya filta, mipira ya presha, sili na mafuta, na hapo ndipo mwenye duka dogo anapopata nafasi.

VALI YA SEVO NI NINI

Vali ya kawaida hufanya kazi kama bomba la maji la nyumbani: hufungua au hufunga. Vali ya sevo hufanya zaidi ya hapo. Hupokea umeme mdogo sana na kuugeuza kuwa mwendo wa mafuta unaopimika, kidogo au kingi, mbele au nyuma, kwa kasi kubwa. Umeme ukiongezeka kidogo, mafuta yanaongezeka kidogo. Mmarekani William C. Moog alianzisha kampuni ya kutengeneza vali hizo mwaka 1951 huko East Aurora, jimbo la New York. Wateja wa mwanzo walikuwa watengenezaji wa ndege na makombora, na baadaye viwanda vikazichukua.

Vali za jamii hii, pamoja na ndugu zao wa bei nafuu waitwao vali za proposhno, hutumika pale ambapo mwendo wa mashine lazima udhibitiwe kwa usahihi: mashine za kutengeneza vyombo vya plastiki, mitambo ya kuviringisha chuma, na mitambo inayorekebisha mwendo wa tabo za umeme kwa kufungua na kufunga milango ya maji au ya mvuke.

Ndani ya vali kuna kijiti cha chuma kinachoteleza katika tundu lake. Nafasi kati ya kijiti na ukuta wa tundu ni mikroni 1 hadi 4 hivi. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi, na jicho lenye afya haliwezi kuona chembe iliyo chini ya mikroni 40. Kwa hiyo chembe inayoweza kukwama katika vali ya sevo ni ndogo mara kumi au zaidi kuliko ile ndogo kabisa ambayo fundi anaweza kuiona.

Chembe kubwa kuliko nafasi hiyo haiingii. Chembe ndogo mno hupita. Zenye ukubwa sawa na nafasi hiyo ndizo hatari, kwani huingia, hukwaruza na kujikusanya kama tope mtoni. Kijiti huanza kuwa kizito, mashine hushtuka badala ya kwenda taratibu, na mwishowe vali hukwama kabisa. Aidha, kona za kijiti zikishalika, mafuta huvuja ndani kwa ndani, presha hupungua na joto hupanda. Vali haivuji nje, kwa hiyo mwenye mashine haoni kitu hadi siku inaposimama.

UCHAFU USIOONEKANA UNAPIMWAJE

Kiwango cha kimataifa cha ISO 4406, kilichofanyiwa marekebisho mwaka 1999, hueleza usafi wa mafuta kwa namba tatu zinazoandikwa kwa mkwaju kati yake. Namba ya kwanza huhusu chembe kubwa kuliko mikroni 4, ya pili kubwa kuliko mikroni 6, na ya tatu kubwa kuliko mikroni 14, zote katika mililita moja ya mafuta. Namba hizo si idadi yenyewe bali ni daraja. Kila daraja likipanda kwa moja, idadi ya chembe huongezeka takriban maradufu.

Daraja la 16, kwa mfano, lina maana ya chembe 320 hadi 640 katika mililita moja. Daraja la 21 lina maana ya chembe 10,000 hadi 20,000. Mfumo wenye vali za sevo huhitaji mafuta ya daraja la 16/14/11 hivi, au safi zaidi. Vali za proposhno huridhika na 18/16/13 hivi, na pampu za giya za kawaida na 20/18/15 hivi. Mwongozo wa mtengenezaji wa mashine ndio wenye kauli ya mwisho.

Hapa pana jambo linalowashangaza wanunuzi wengi. Mafuta mapya, yaliyo katika pipa lenye lakiri, mara nyingi huwa na daraja la 21/19/16 au mabaya zaidi, kwa kuwa yamepita katika mabomba, matenki na mapipa mengi kabla ya kufika dukani. Tufanye hesabu. Daraja la 21 ni chembe 10,000 hadi 20,000 kwa mililita, yaani milioni 10 hadi 20 kwa lita. Pipa la lita 200 litakuwa na chembe bilioni 2 hadi 4 zilizo kubwa kuliko mikroni 4. Kutoka daraja la 21 hadi la 16 ni hatua tano, na kila hatua ni maradufu: mafuta hayo "mapya" ni machafu kama mara 32 kuliko vali ya sevo inavyotaka. Mpya na safi ni maneno mawili tofauti.

Kwa upande wa Igunga na Nzega, tatizo lina sura ya majira. Msimu wa ununuzi wa pamba katika Kanda ya Magharibi kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, mvua zikiwa zimekwisha. Viwanda hufanya kazi wakati wa kiangazi, na kiangazi ndicho kipindi cha vumbi. Miezi ambayo mashine inatakiwa kuingiza fedha ndiyo miezi ambayo hewa ina mchanga mwembamba na manyoya ya pamba. Mchanga ni mgumu kama msasa. Ukiingia katika mafuta hukwangua chuma, vipande vya chuma hicho huungana nao kukwangua zaidi, na uchafu huzaa uchafu.

VIFAA VINAVYOANDAMANA NA VALI

Mwekezaji akipewa orodha ya bei za mfumo wa haidroliki huona vali, pampu na silinda juu, na vifaa vidogo chini. Akitaka kupunguza gharama hufuta vile vya chini. Ni kosa, kwani vingi ndivyo walinzi wa vile vya juu. Vilivyo muhimu ni hivi:

Kwanza, kipumulio cha tenki. Mafuta yanapopanda na kushuka ndani ya tenki, tenki huvuta hewa. Kipumulio chenye filta huzuia vumbi, na kile chenye dawa ya kunyonya unyevu huzuia na maji. Tenki lililozibwa kwa kitambaa au kifuniko kilicholegea huvuta vumbi kutwa nzima.

Pili, filta ya njia ya kurudia. Hukamata uchafu uliozalishwa na mashine kabla haujaingia tena katika tenki. Hii ndiyo inayopatikana katika mashine nyingi.

Tatu, filta ya presha, inayokaa baada ya pampu. Kwa vali za sevo, filta hii hufungwa karibu kabisa na vali, na huwa haina njia ya pembeni ya kupitisha mafuta pale inapoziba. Utando wake hutengenezwa imara ili usipasuke kwa presha. Kichujio kidogo kilichomo ndani ya vali yenyewe hulinda vitundu vya kuongozea tu. Hakilindi kijiti kikuu.

Nne, filta ya pembeni yenye pampu yake ndogo, ambayo huyachukua mafuta kutoka tenki, huyachuja polepole na kuyarudisha, hata mashine kuu ikiwa imesimama. Ikifungwa juu ya kitoroli, moja inaweza kuhudumia mashine kadhaa kwa zamu, na pia kuyachuja mafuta mapya yanapotoka katika pipa.

Tano, kionyesha kuziba. Hupima tofauti ya presha kabla na baada ya filta. Bila hicho, fundi hubadilisha filta kwa kukisia: ama mapema mno na kupoteza fedha, ama baada ya filta kuziba na mafuta machafu kupita njia ya pembeni.

Sita, bamba la kusafishia. Mabomba mapya yakifungwa, vali ya sevo hutolewa na bamba hilo huwekwa mahali pake, kisha mafuta huzungushwa hadi yafikie daraja linalotakiwa. Mwenye haraka anayeruka hatua hii huiua vali mpya siku ya kwanza.

Saba, kipoza mafuta na kipimajoto. Mafundi wana kanuni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kuharibika kwa mafuta huongezeka takriban maradufu. Kwa joto la Tabora, kifaa hiki si anasa.

KUSOMA FILTA KABLA YA KUNUNUA

Filta nyingi huandikwa "mikroni 10" na muuzaji huishia hapo. Maneno hayo peke yake hayatoshi. Kinachotakiwa ni uwiano wa beta, unaopimwa kwa kiwango cha ISO 16889: idadi ya chembe zinazoingia katika filta, gawanya kwa zile zinazotoka. Ikiwa chembe 20,000 za ukubwa fulani zinaingia na 100 zinatoka, beta ni 200, na filta imekamata asilimia 99.5. Ikiwa zinaingia 20,000 na kutoka 10,000, beta ni 2, na filta imekamata nusu tu. Zote mbili zinaweza kuandikwa "mikroni 10" na kufanana kwa rangi na umbo.

Hapa ndipo filta bandia zinapowapata watu. Mbele ya kaunta hakuna anayeweza kuhesabu chembe. Hata hivyo mnunuzi anaweza kuuliza jina la mtengenezaji, namba ya kipuri, thamani ya beta na ukubwa wa chembe unaohusika, na presha ambayo utando unaihimili. Anaweza pia kutazama mikunjo ya utando kama iko sawasawa, gundi kama imeshika pande zote, na o-ringi kama ina ulaini. Stakabadhi ni muhimu, kwani Tume ya Ushindani, ambayo hushughulikia bidhaa bandia, haiwezi kufuatilia bidhaa isiyo na muuzaji anayejulikana.

HESABU YA MWENYE KIWANDA

Tuchukue mfano wa kufundishia. Takwimu zifuatazo si bei za soko. Kila msomaji aweke zake. Kiwanda kinafunga marobota 240 kwa siku na kulipwa Sh 20,000 kwa kila robota. Mashine ya kufunga marobota inasimama siku tatu ikisubiri pampu kutoka Dar es Salaam. Marobota 720 hayakufungwa, na mapato ya Sh milioni 14.4 hayakuingia.

Msomaji makini atasema kwamba si yote yaliyopotea, na ni kweli. Tuseme nusu ya pamba hiyo ilisubiri na kuchambuliwa baadaye, na nusu ilipelekwa kiwanda kingine. Upotevu ni Sh milioni 7.2. Tutoe Sh milioni 2.2 za umeme na vibarua ambazo hazikutumika. Inabaki Sh milioni 5. Tuongeze Sh milioni 4 za pampu na ufundi. Hasara ya kusimama mara moja ni Sh milioni 9.

Sasa upande wa kinga, kwa msimu mmoja. Filta nne za Sh 150,000 ni Sh 600,000. Vipumulio viwili vya Sh 60,000 ni Sh 120,000. Vipimo vitatu vya maabara vya Sh 100,000 ni Sh 300,000. Kitoroli cha kuchujia cha Sh milioni 3, kikigawanywa kwa misimu mitano, ni Sh 600,000. Jumla ni Sh 1,620,000.

Kwa misimu mitano kinga itagharimu Sh milioni 8.1. Hii ina maana kwamba ikizuia kusimama kwa mashine mara moja tu katika misimu hiyo mitano, imejilipa na kubakiza Sh 900,000. Ikizuia mara mbili, imeokoa Sh milioni 9.9. Hatukuhesabu mafuta yatakayodumu zaidi, wala mkulima aliyepeleka pamba yake katika chama cha msingi na kukaa bila malipo kwa sababu ghala limejaa na mnunuzi hana fedha zinazozunguka. Kwa mkulima huyo, siku tatu za pampu zinaweza kuwa ada ya shule.

Jambo la pili katika hesabu hii ni umbali. Zamani misafara kati ya pwani na Unyanyembe ilichukua miezi, na mkuu wa msafara alibeba akiba ya kila kitu kwa kuwa hakuwa na pa kukinunua njiani. Leo lori hutoka Dar es Salaam kupitia Dodoma na Singida hadi Igunga kwa lami, lakini kanuni ya akiba haijafutwa. Filta moja ya ziada katika stoo ya Ziba ina thamani kubwa kuliko filta kumi zilizoko Dar es Salaam siku mashine inaposimama.

KWA MWENYE DUKA NA MNUNUZI WA MASHINE ILIYOTUMIKA

Mwenye duka asijaze rafu kwa kila aina ya filta. Aorodheshe kwanza mashine zilizopo katika eneo lake: matrekta, katapila, tipa na mashine za viwanda. Achague namba za filta zinazohudumia mashine nyingi, aweke o-ringi na vipumulio, na auze mafuta ya mnato unaotakiwa na mwongozo wa mashine, ambao kwa kawaida ni daraja la 32, 46 au 68. Vipuri vya vali za sevo asivinunue bila oda ya mteja, maana ni ghali na huzunguka polepole.

Mapipa nayo yana adabu yake. Pipa likisimamishwa nje, maji ya mvua hutuama juu ya kifuniko. Usiku pipa hupoa, hewa ya ndani husinyaa, na maji hunyonywa kupitia kizibo hata kama kimekazwa. Pipa lilazwe chini ya paa, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja, kimoja kulia na kingine kushoto, ili mafuta yavifunike kwa ndani. Kumimina kwa ndoo iliyo wazi na kuchuja kwa kitambaa hakusaidii, kwani kitambaa huacha nyuzi zake na kuzipitisha chembe ndogo zote.

Mnunuzi wa mashine iliyotumika aombe iwashwe na ifanye kazi nusu saa kabla ya kukubaliana bei. Achukue mafuta kidogo katika chupa safi ing'aayo. Yakiwa na weupe kama maziwa, yana maji. Yakinuka kuungua, mashine imekuwa ikichemka. Yakimetameta juani, chuma kinalika. Yakionekana safi, asishangilie bado, kwani tumekwisha ona kwamba jicho linaishia mikroni 40. Kwa mashine ya mamilioni, sampuli ipelekwe maabara, na majibu yawe sehemu ya majadiliano ya bei.

Kwa ufupi, anayenunua mashine ya haidroliki ananunua pia wajibu wa kuyatunza mafuta yake. Kabla ya kutia saini, auulize upande wa pili maswali matatu: daraja gani la ISO 4406 linatakiwa, filta zake zina beta ngapi, na zinapatikana wapi ndani ya siku moja. Muuzaji asiye na majibu hayo anauza chuma tu, na bei yake ipunguzwe kwa kadiri hiyo. Wahenga walikwisha sema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika haidroliki ufa wenyewe una upana wa mikroni tatu.